Aliyenishonea Mkoba wa Mwezini

Alinizidi kwa kila kitu isipokuwa urefu, na hata huo urefu aliuona kama hasara ya kitambaa. Kila niliposimama mlangoni pa ile stoo aliyoiita darasa, alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akatikisa kichwa. "Yadi tatu na nusu," alisema. "Shati peke yake."

Sisi walimu tulimwita Mwalimu wa Kushona. Watoto walimwita Mama Mwalimu. Shule yetu ilikuwa ya watoto wa wafanyakazi wa shamba la chai, nje kidogo ya Kericho, majengo manne ya mabati yaliyozungukwa na chai kila upande, hivi kwamba mpira ukitoka uwanjani ulipotelea kwenye chai na kuonekana tena wakati wa kupogoa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu asiye na cheti, nikifundisha Sayansi, Hesabu na chochote ambacho mwalimu mkuu hakukipenda. Yeye pia hakuwa na cheti. Alikuwa mama wa makamo, mjane, aliyekuja na watu wake kutoka upande wa Maragoli kutafuta kazi ya chai. Mimi ni Mkipsigis wa upande wa Bomet. Tulizungumza Kiswahili, na chake kilikuwa safi kuliko changu, jambo ambalo siku hizo nisingelikubali hata kwa viboko.

Nieleze kwanza nilivyokuwa, ili msimwonee huruma kijana asiyestahili. Nilipasua nywele njia upande wa kushoto kama mheshimiwa. Nilibeba kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na moja ndiyo iliyoandika. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba baba yangu alikuwa na duka. Baba hakuwa na duka. Mama yangu alichuma chai kwenye shamba la mtu mwingine, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechuma likizo zote mpaka darasa la nane.

Mwalimu wa Kushona alikuwa na desturi ya kuweka pini mdomoni, pini kumi na mbili au zaidi, akazungumza kwa pembe moja ya midomo. Wageni walidhani ana maumivu ya jino. Sisi tulijua kwamba mradi pini zimo mdomoni, mambo ni shwari. Siku akizitoa moja moja na kuzichomeka kwenye kola ya gauni lake, ujue kuna mtu amekosa na atasikia. Niliwahi kumwona mwalimu mkuu mwenyewe, mtu mwenye fimbo na pikipiki, akianza kurudi kinyumenyume pini ya tatu ilipotoka.

Kosa la mwalimu mkuu siku hiyo lilikuwa mkasi. Mkasi wa Mwalimu wa Kushona ulifungwa kwa uzi mrefu kiunoni mwake, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Siku moja aliuacha mezani akaenda kwenye mazishi, na mwalimu mkuu akakatia kucha za miguu. Mwenye mkasi alivyojua sijui. Alichukua mkasi ule, akauchemsha kwenye sufuria mbele ya darasa zima la wasichana, akausimamia mpaka maji yakakauka.

Kazi mbaya hakuitukana. Aliuliza tu, "Hii umeshona ama umetishia?" Kisha alikupa wembe ufumue. Wasichana wa darasa la saba waliondoka pale wakijua kufumua kuliko kushona, na nadhani alitaka hivyo. Aliishi katikati ya chai miaka yote hiyo na hakuinywa. "Haya majani nimeyaona ya kutosha," alisema, akimimina uji wake wa wimbi kutoka chupa ya bluu. Kanisani alikaa kiti cha mbele, na alishika Jumapili kiasi cha kutofunga hata kifungo kilichokatika siku hiyo. Lakini redio ya mwalimu mkuu ikitangaza mpira wa Gor na Abaluhya, dirisha la stoo lilifunguka lenyewe, na cherehani ikanyamaza.

Ndiyo redio hiyo hiyo iliyotuletea habari kwamba watu wametua mwezini.

Mimi nilipata wazimu. Mwalimu mkuu alipomaliza kusoma gazeti lenye ile picha, nililiomba, nikaikata na kuibandika ukutani juu ya kitanda changu. Mtu mweupe kama mbuni aliyefungwa bandeji, amesimama kwenye vumbi, na mgongoni amebeba sanduku kubwa. Niliitazama kila asubuhi nikinyoa ndevu ambazo hazikuwa nyingi. Kwa hiyo muhula wa tatu, mwalimu mkuu alipotutangazia kwamba ofisa wa elimu atakuja na kwamba shule ionyeshe kitu cha kisasa, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

"Mchezo wa kuigiza," nilisema. "Kuhusu safari ya mwezini. Nitauandika mimi."

"Na nani ataigiza huyo mtu wa mwezini?"

Nilijifanya kufikiri. "Itabidi awe mtu anayeelewa sayansi," nilisema.

Mkoba niliutengeneza peke yangu, wa kwanza. Nilichukua katoni ya sabuni ya unga kutoka duka la shamba, nikaipaka chokaa, nikachora saa na swichi kwa wino, nikaifunga mgongoni kwa kamba ya katani. Niliona imependeza sana. Nilitaka walimu wenzangu waone pia, hasa mwalimu mmoja wa kike wa darasa la pili ambaye simtaji kwa sababu sasa ana wajukuu. Nikatoka nje nikaanza kuvuka uwanja taratibu, kama mtu ambaye ana shughuli zake.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mtu yeyote aliyekaa Kericho hata wiki moja anajua ni nini hutokea saa tisa alasiri. Mvua ilinikuta katikati ya uwanja. Katoni ililainika, chokaa ikateremka kwenye suruali, na kwa sababu sikuwa nimeikung'uta vizuri, ikaanza kutoa mapovu. Nilikimbia. Kadiri nilivyokimbia ndivyo mapovu yalivyozidi. Darasa la saba walisimama kwenye madirisha wakipiga makofi. Nilipofika kwenye baraza ya stoo nilikuwa nimebaki na kamba tu, na povu mpaka shingoni.

Mwalimu wa Kushona alitoka akanitazama.

"Mwalimu," alisema kwa pembe ya midomo, "unafua nini?"

Siku mbili sikumsemesha. Ya tatu nilikwenda stoo na ile picha ya gazeti mkononi. Sikusema naomba msaada. Nilisema ningependa kusikia maoni yake. Aliipeleka picha dirishani, akaigeuza juu chini, akaitazama upande wa nyuma, ambako kulikuwa na tangazo la mbolea.

"Mimi siamini mtu amekwenda huko," alisema.

"Mama, ulimwengu mzima umesikia kwenye redio."

"Redio pia ilisema mvua haitanyesha Jumamosi." Aliirudisha picha machoni. "Lakini huyu mtu amebeba kitu, na kimemlemea. Hiyo naamini. Mikanda imepita wapi?"

"Haionekani."

"Basi aliyepiga picha hajui kazi. Geuka."

Niligeuka. Alinipima mgongo kwa ile futi yake ya kitambaa, mabega, kiuno, kutoka shingoni mpaka mkanda. Akasimama kwenye bega la kushoto.

"Hili liko chini kuliko lingine. Ulikuwa unabeba nini?"

"Vitabu," nilisema.

"Vitabu," alisema, akaandika kipimo. Masikio yangu yakawaka moto.

Kazi ilichukua wiki tatu, baada ya masomo, kabla mvua haijaanza na tena baada ya kukatika. Siku ya kwanza aliniambia nilete kikapu cha kuchumia chai, cha zamani, hata kama kimetoboka chini. Nilikataa. Nilimwambia mtu wa mwezini hawezi kubeba kikapu cha chai mgongoni, watu watacheka. Nilisema maneno mengi juu ya heshima ya sayansi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kikapu kimekaa kwenye mgongo wa watu kutwa nzima, kimejaa, mvua ikinyesha," alisema. "Sanduku lako lilikaa dakika ngapi?"

Nilileta kikapu.

Kikapu ndicho kilikuwa mifupa ya mkoba. Juu yake alifunga mbao nyembamba za sanduku la kusafirishia chai, alizokata kwa msumeno alioazima kwa seremala wa shamba, maana mkasi wake asingeuweka kwenye mbao hata kwa amri ya serikali. Masanduku hayo ndani yalikuwa na karatasi ya rangi ya fedha ya kuzuia unyevu. Alibandua karatasi ile kwa mvuke wa birika, polepole, bila kuichana, akainyoosha kwa kijiko, akaibandika kwenye mkoba mzima, ukang'aa kama sufuria mpya. Gundi alipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na akatia pilipili kichaa ili panya wasiule. Nilimwambia wanasayansi hawatumii pilipili. Akasema panya wa Kericho hawajui hayo.

Makopo mawili makubwa ya mafuta ya kupikia yakawa mitungi ya hewa. Bomba lilitoka kwenye pampu mbovu ya kunyunyizia dawa. Swichi zilikuwa vizibo vya soda, na hapo ndipo niliporuhusiwa kufanya kazi: kuvipiga nyundo viwe bapa. Niligonga kidole gumba kwenye kizibo cha pili. Nilibakishiwa taa, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa sayansi: balbu ndogo ya tochi, waya, betri mbili, na karatasi nyekundu ya peremende juu yake. Nilishinda jioni mbili nikiunga na kuungua, taa haiwaki. Nilimweleza kwa kirefu kwamba tatizo ni ubora wa waya. Siku ya tatu niliikuta inawaka.

"Umefanya nini?" niliuliza.

"Nimegeuza betri moja. Ilikuwa imesimama kichwa chini."

Wiki ile ile nilikuwa nikiwafundisha darasa la saba umeme.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa mikanda. Mambo ya kung'aa aliyafanya haraka, kama mtu anayepamba keki ya mwenzake. Kwenye mikanda alikaa siku nane. Alikunja gunia mara nne, akatia ndani kipande cha blanketi kuukuu, akashona kwa ile sindano ndefu ya magunia, mshono juu ya mshono. Kisha alijaza mkoba mawe na kuniamuru nizunguke uwanja mara tatu.

"Inakuuma wapi?"

"Haiumi, Mama."

"Usiniletee uanaume hapa. Inakuuma wapi?"

"Hapa, chini ya kwapa."

Akafumua. Nikazunguka tena. Akafumua. Mara sita, mbele ya watoto, nimebeba mawe. Nilimuuliza kwa nini anahangaika, wakati siku yenyewe nitauvaa robo saa tu, tena bila mawe. Pini zilianza kutoka mdomoni, nikajua nimekosea.

"Nimechuma chai miaka sita kabla ya kupewa hii stoo," alisema. "Kamba ya kikapu ilinikata hapa na hapa. Aliyefunga ile kamba alisema ni ya siku moja tu." Akarudisha pini. "Zunguka."

Raundi ya mwisho sikusikia uzito kabisa. Mawe yalikuwemo, lakini yalikuwa kama yamebebwa na mtu mwingine.

Siku ya ofisa wa elimu wazazi walikaa kwenye nyasi, wengi wao wakiwa wametoka moja kwa moja kwenye chai, aproni za mpira bado kiunoni. Jukwaa lilikuwa baraza ya darasa, na pazia lilikuwa blanketi mbili za kuazima. Nyuma ya blanketi alisimama Mwalimu wa Kushona na sindano yenye uzi, endapo kitu kitakatika. Mimi nilishuka kutoka kwenye chombo, yaani tangi la maji lililolazwa, nimevaa nguo nyeupe, kichwani ndoo ya bati iliyokatwa dirisha, na mgongoni ule mkoba.

Sijawahi kupendwa hivyo tena, hata siku ya harusi yangu. Taa nyekundu iliwaka. Mwalimu wa Kushona alikuwa ameficha chini ya kwapa langu mpira wa honi ya baiskeli, na ndani ya kopo moja jivu laini lililochekechwa kwa soksi, hivyo kila nilipobana mkono, bomba lilitoa moshi, pfuu. Watoto walipiga kelele. Mzee mmoja aliinuka akauliza kwa sauti, "Wewe! Huko juu kuna chai?" Nikamjibu kutoka ndani ya ndoo, "Hapana, mzee, ni mawe tu!" Akasema, "Basi rudi, hakuna kazi!" Watu walicheka mpaka ofisa naye akatoa kitambaa akajifuta macho. Mimi pia nilikuwa natoa machozi, lakini yangu yalikuwa ya pilipili, maana jasho lilikuwa limeyeyusha gundi ya shingoni.

Mchezo ulipokwisha ofisa alipanda barazani. Alikuwa mtu wa makini, miwani mizito. Alinigeuza, akaushika mkoba, akavuta mikanda, akaingiza vidole viwili kati ya mkanda na bega langu kama mtu anayekagua tandiko la farasi. Alitazama mshono mrefu sana.

"Hii ni kazi ya maana," alisema. "Nani ametengeneza?"

Kwa miaka mingi nilikuwa na maelezo yangu. Nilisema kwamba ndani ya ndoo sauti haisikiki vizuri. Nilisema nilidhani ameuliza nani ameandika mchezo. Nilimweleza mke wangu hivyo, na padri wetu, na mara moja mtu nisiyemjua tuliyekaa naye tukingoja basi. Ukweli ni kwamba ndoo ile ilikuwa na dirisha kubwa mbele, na nilisikia vizuri kabisa. Tena niliona. Chini ya blanketi kulikuwa na viatu vyeupe vya turubai, hatua mbili kutoka niliposimama.

"Ni mimi, bwana," nilisema.

Viatu havikusogea.

Ofisa aliniuliza jina akaliandika kwenye daftari. Mwalimu mkuu, ambaye alijua ukweli wote, alitazama mawingu. Wazazi walipoondoka, Mwalimu wa Kushona alinifungua mikanda, mmoja mmoja, bila haraka. Nilingoja pini zitoke. Hakuwa na pini mdomoni siku hiyo.

"Umetoa jasho," alisema. "Badilisha shati usipate homa."

Angenichapa ningefurahi.

Mwezi uliofuata amri ilikuja kwamba walimu wasio na vyeti wapunguzwe. Katika shule yetu tulikuwa wawili, yeye na mimi, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akanisomea barua: ofisa amependekeza nafasi hiyo apewe yule kijana mbunifu, na aende chuo cha ualimu. Juu ya Mwalimu wa Kushona barua ilisema mstari mmoja tu, kwamba hakuna ushahidi wa ufundi wa pekee.

Nilikusudia kusema. Hilo naweza kuapa. Jumatatu mwalimu mkuu alikuwa na kikohozi, nikaona si vizuri kumsumbua. Jumanne kulikuwa na mkutano. Jumatano nilifika mpaka mlangoni mwa ofisi nikakumbuka kwamba sijafunga dirisha la darasa langu. Ijumaa lori la shamba lilikuja kumchukua, na mimi ndiye niliyemsaidia kupakia cherehani, kwa bidii kubwa, nikihakikisha imefungwa vizuri. Aliniachia mkoba. Alisema hana pa kuuweka.

Niliupeleka chuoni kama ushahidi. Mkufunzi wa sayansi aliupenda, akaniambia nitengeneze mwingine mbele ya darasa ili wenzangu wajifunze. Nilikaa siku tatu na gunia na ile sindano ndefu. Nilipomvika mkufunzi kazi yangu, mkanda wa kulia ulikatika palepale, kopo likaanguka kwenye kikombe chake cha chai, na alipoinama kuliokota, wa kushoto nao ukafuata. Tangu siku hiyo aliniita "Bwana Mbunifu" kwa namna ambayo darasa zima liliielewa. Mkoba wenyewe uliishia kwa mama yangu, ambako kuku alitagia humo misimu minne. Kuku wengine walikufa ndui. Huyo aliishi.

Miaka ilipita. Nikawa mwalimu mkuu, shule ndogo upande wa Kabianga, na muhuri wangu wa mpira, na tumbo. Mwaka mmoja kuelekea mwisho wa miaka ya sabini nilimpeleka mama yangu hospitali ya misheni karibu na Kaplong apimwe macho. Foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa nje niliposikia cherehani kutoka kwenye banda la nyuma. Nilikwenda kuchungulia.

Ukutani zilining'inia fremu ndogo za vyuma za miguu ya watoto waliopata polio, na mikanda ya ngozi na ya turubai, mingine mifupi kama kiganja changu. Alikuwa amekaa dirishani. Nywele zilikuwa nyeupe, na alikuwa amevaa miwani. Alinitazama juu ya miwani ile, kuanzia viatu.

"Mwalimu," alisema. "Umenenepa."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa hapo, usikanyage hizo ngozi."

Nilikaa. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka kumwambia kwamba nimekuja kumtafuta.

"Umeleta mama yako macho," alisema. "Nilimwona asubuhi kwenye benchi. Mna sura moja. Ameniambia alichuma chai miaka thelathini."

Niliufunga mdomo. Kisha nikaufungua tena, kwa sababu kwa miaka hiyo yote nilikuwa nimetunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye mwanzo, kati na mwisho. "Mama," nilianza, "kuna jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likinikaa moyoni, na kama mtu mzima sasa—"

"Nilikuwa nyuma ya blanketi," alisema. "Nilisikia. Nilikuwa na hasira na wewe kama miaka mitatu. Halafu nikapata kazi nyingi." Alikata uzi. "Una kalamu?"

Nilikuwa nayo, moja, na iliandika.

Alinieleza kwa kifupi. Alianza pale kama kibarua, akirekebisha shuka. Siku moja aliona mtoto aliyekatwa paja na mkanda wa fremu, akauchukua akaufumua bila kuulizwa. Sasa hospitali ilitaka kumwajiri kama fundi wa kudumu, lakini karani aliomba barua ya mahali alipofanya kazi zamani, ionyeshe amewahi kufanya kazi kama hiyo. Yule mwalimu mkuu wetu alikuwa ameshafariki.

"Ulijua niko Kabianga?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniita?"

Alifikiri. "Sikujua ungeandika nini," alisema.

Alinipa karatasi na ubao wa kuandikia. Niliandika kwa uangalifu, mwandiko wangu wa ubaoni. Nilieleza shule, nilieleza miaka, nilieleza bidii yake na tabia njema. Nikaeleza ule mkoba, kikapu, mbao, mikanda ya gunia na blanketi, na jinsi nilivyozunguka uwanja na mawe bila kusikia uzito. Nilieleza kwamba ofisa alipouliza, nilijibu uongo. Nilipomaliza nilijiona mtu wa maana sana. Nikamkabidhi.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nje muuguzi aliita majina. Kidole kilifika katikati ya ukurasa kikasimama.

"Hapa," alisema.

Niliinama kutazama. Nilikuwa nimeandika: *Mkoba huo tulitengeneza kwa wiki tatu.*

Nilitaka kumwambia habari ya vizibo. Naona aibu kusema, lakini ndivyo: kwa sekunde moja nilitaka kabisa kumkumbusha kwamba vizibo nilivipiga mimi. Kisha nilichukua kalamu, nikaikata ile *tulitengeneza*, na juu yake nikaandika *alitengeneza*. Wino ulimwagika kidogo, ukafanya doa.

"Nipe nyingine niinakili vizuri," nilisema. "Barua rasmi haifai kuwa na doa. Muhuri nitakuja nao kesho."

"Acha hivyo," alisema, akiikausha kwa pumzi. "Waone ulirekebisha."

Akaikunja mara mbili, akainuka, akaipeleka ofisini mwenyewe.